Jina Jipya na Deni la Zamani

Iko hadithi moja ambayo sinema za Marekani zimeisimulia mara nyingi sana, hata watazamaji waujua mwisho wake kabla picha haijaanza. Mtu mmoja, mwenye bastola kiunoni na jina la kuogopwa, amechoka na unyang'anyi. Ameiba katika benki, amesimamisha magari ya moshi, amewaacha watu wengine wamelala mavumbini. Siku moja aliacha kundi lake, apanda farasi, aenda mji wa mbali asikojulikana. Huko ajipa jina jipya. Achunga ng'ombe wa tajiri fulani, aenda kusali siku ya Jumapili, watoto wampenda. Kisha wenzake wa zamani wamfuata, nao wataka kuupora mji ule. Yule mtu afikiri usiku kucha. Kunapopambazuka aitoa bastola yake mahali alipoificha, atoka njiani, awaua wote. Watu wa mji wamshangilia, na hadithi yaisha.

Filamu za namna hiyo hazikuwa za gharama kubwa. Nyingi zilipigwa kwa muda wa wiki moja au mbili tu, kwenye vilima vilevile vya California. Walakini zilisafiri mbali kuliko watengenezaji wake walivyodhani. Mwaka 1945 serikali ya Wabelgiji katika Kongo iliamuru kwamba Waafrika wasionyeshwe filamu zisizokubaliwa na halmashauri ya uchunguzi. Hata hivyo sinema za makauboi zilionyeshwa, zikapendwa mno. Katika Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, vijana wengi wa miaka ya 1950 walijiita Bill, kwa kumwiga Buffalo Bill. Walivaa kama makauboi, waliunda makundi, wakapigana mtaa na mtaa. Padre mmoja Mbelgiji wa Shirika la Scheut, Jozef de Laet, hakuwakimbia. Alikaa kati yao, akajifunza maneno yao, mpaka wao wenyewe wakamwita Père Buffalo. Leo hadithi hizo, na nyingine zinazofanana nazo, huonekana katika vyumba vya video na katika simu za mkononi, mjini Kalemie na hata vijijini.

Si kusudi la maneno haya kuwakaripia wanaotazama. Mkatekumeni aliyekaa mbele ya picha kama hiyo, naye akafurahi mnyang'anyi alipoacha uovu, hakufurahi bure. Moyo wake ulitambua jambo jema. Lakini hadithi hiyo yauliza swali kubwa, kisha yalijibu upesi mno. Swali ndilo hili: mtu mwovu akitaka kuwa mwema, afanye nini na mambo aliyoyatenda zamani? Nalo swali hilo si la makauboi tu. Mkatekumeni naye yu karibu kupewa jina jipya. Siku ya ubatizo ataitwa Petro, au Yosefu, au Monika. Je, jina hilo jipya lafuta deni la zamani?

SINEMA YASEMA KWELI WAPI

Kwanza, haki itendeke. Hadithi ya mnyang'anyi aliyebadilika yasema kweli moja ambayo watu wengi hawataki kuisadiki: kwamba hakuna mtu aliyekwisha potea kabisa maadamu yu hai. Mara nyingi kijijini husemwa kwamba mwivi ni mwivi, na mtoto wa mwivi atakuwa mwivi pia. Mtu akiisha pewa jina baya, kila kuku apoteaye hutafutwa kwanza katika nyumba yake. Imani ya Kanisa haikubali neno hilo. Mtu wa kwanza aliyeahidiwa paradiso na Bwana wetu Yesu Kristo kwa kinywa chake mwenyewe hakuwa mtume wala kuhani. Alikuwa mhalifu, aliyetundikwa msalabani kando yake kwa makosa yake ya kweli.

Yafaa kutazama vizuri alichofanya mtu yule. Hakusema kwamba amefungwa kwa uongo. Hakusema kwamba njaa ilimsukuma, au kwamba marafiki walimpoteza. Alikiri mbele ya watu kwamba adhabu ile yamstahili, na kwamba aliye kati yao hana kosa. Kisha akaomba akumbukwe, basi. Hakuwa na saa nyingine ya kuishi, wala mkono wa kurudisha kitu, maana mikono yake ilikuwa imefungwa mtini. Alitoa kitu pekee kilichobaki kwake, nacho ni ukweli.

Kwa hiyo mkatekumeni asiogope kwamba zamani yake ni nyeusi mno kuliko neema ya Mungu. Ubatizo huondoa dhambi zote, ile ya asili na zile ambazo mtu amezitenda mwenyewe, hata zile ambazo angeona haya kumwambia mama yake. Hayo ndiyo mafundisho ya Kanisa, wala hayana shaka.

SINEMA YADANGANYA WAPI

Lakini katika hadithi ya kauboi mna mambo matatu yanayopita upesi machoni, nayo yafaa yasimamishwe na kuulizwa.

La kwanza ni mji ule wa mbali. Mnyang'anyi wa sinema hubadilika mahali ambapo hakuna ajuaye alichofanya. Jina lake ni jipya kwa sababu watu ni wapya. Wale aliowaibia walibaki nyuma, katika mji mwingine, na picha hairudi kuwatazama. Hakuna aonyeshaye jinsi mwenye duka alivyofunga duka lake, wala jinsi mjane alivyoishi baada ya mumewe kupigwa risasi penye mlango wa benki.

La pili ni bastola. Mtu yule asema ameiacha, lakini ameificha tu, hakuivunja. Saa ya hatari ikifika, atatengeneza mambo kwa njia ileile aliyoyaharibia. Zamani aliua kwa ajili ya fedha, leo aua kwa ajili ya mji. Shabaha imebadilika, mkono haukubadilika. Kweli, Kanisa halikatazi kulinda uhai wa watu kwa haki, wala haliwakatazi wenye mamlaka kuwazuia wauaji. Lakini kuua wabaya wengine hakuwezi kuwa malipo ya dhambi za mtu mwenyewe. Damu haioshi damu, isipokuwa damu moja tu, nayo ilimwagwa na Yeye asiyemwaga ya mtu yeyote.

La tatu ni makofi. Mwishoni watu wamshangilia. Jina lake la zamani, lililokuwa la aibu, sasa lageuka sifa. Kwa kuwa alikuwa mnyang'anyi mkubwa, toba yake nayo yaonekana kubwa. Na mtazamaji aondoka akimwonea wivu, kana kwamba kuwa mwovu kwanza ni njia nzuri ya kupata heshima baadaye.

Haya si mambo ya kubuniwa tu. Mwaka 1951 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa filamu iliyoitwa Al Jennings of Oklahoma, mmoja wa mifano ya sinema hizo za mnyang'anyi aliyeacha unyang'anyi. Mtu huyo aliishi kweli. Alizaliwa mwaka 1863, alikuwa mwanasheria, na nduguye aliuawa kwa risasi mwaka 1895. Mwaka 1897 yeye na kundi lake walishambulia magari ya moshi, wakapata fedha kidogo tu, na kabla mwaka haujaisha wakakamatwa. Mwaka 1899 alihukumiwa kifungo cha maisha. Baadaye kikapunguzwa, akatoka gerezani mwaka 1902. Kisha Rais Theodore Roosevelt alimpa msamaha kamili wa serikali.

Tangu hapo Jennings hakurudi kuiba, nalo ni jambo la kusifiwa. Lakini alianza kuisimulia hadithi yake, na kila alipoisimulia ilizidi kupendeza. Mwaka 1914 alicheza mwenyewe katika filamu juu ya maisha yake. Walinzi wa sheria waliowahi kuwafukuza wanyang'anyi wa nchi ile walichukizwa. Mwaka 1915 baadhi yao, Bill Tilghman akiwa mmojawapo, walitoa filamu yao wenyewe ili kuonyesha kwamba wanyang'anyi hawakuwa mashujaa. Jennings alikufa mwaka 1961, mzee sana, na watu wengi walilijua jina lake. Ni nani ajuaye majina ya abiria walioporwa ndani ya lile gari la moshi? Mungu peke yake auhukumu moyo wa Jennings. Lakini maisha yake yafundisha kwamba mtu aweza kuacha dhambi, naye akaendelea kula matunda yake.

UBATIZO HUFUTA NINI

Sasa turudi kando ya ziwa. Na achukuliwe mvuvi mmoja, asiye na jina hapa, mkatekumeni aliyekaribia ubatizo. Miaka miwili iliyopita, usiku usio na mwezi, aliichukua nyavu ya jirani iliyokuwa imeanikwa ufukweni, pamoja na taa ya kuvulia ndagala. Jirani huyo alikuwa mzee. Tangu kifo chake mjane wake huuza mihogo ili apate chakula. Nyavu ile imemlisha mvuvi na watoto wake. Siku moja katika mafundisho yule mvuvi asikia kwamba ubatizo huondoa dhambi zote. Afurahi moyoni. Afikiri kwamba maji yale matakatifu yatapita juu ya nyavu nayo, na siku ya pili itakuwa yake kwa haki.

Je, amefikiri sawa?

Hapana. Katika wizi mna mambo mawili, na ni lazima yatenganishwe. La kwanza ni kosa kwa Mungu, aliyekataza kuiba. Hilo ubatizo hulifuta kabisa, wala hakuna adhabu inayobaki kwa ajili yake. La pili ni mali ya mjane. Nyavu ile ilikuwa yake kabla ya ubatizo wa mvuvi, nayo yabaki yake baada ya ubatizo. Maji yamtakasa mtu. Hayabadilishi mwenye mali.

Wengine watauliza: ikiwa msamaha wa Mungu ni wa bure, mbona mtu aambiwe kulipa? Swali hilo ni zuri, wala halipaswi kudharauliwa. Msamaha ni wa bure kweli. Hakuna nyavu, hata ya dhahabu, iwezayo kuununua. Lakini Mungu ni mkarimu kwa mali yake mwenyewe. Hafanyi ukarimu kwa mali ya mjane. Anayerudisha nyavu halipii msamaha. Yeye ampa jirani kilicho chake. Na asiyetaka kurudisha, ingawa aweza, aonyesha kwamba hajajuta bado: apenda kusamehewa wizi, naye apenda kubaki na kitu alichoiba. Mtu wa namna hiyo hajaacha mlango wa moyo wazi ili neema iingie.

Injili ya Mtakatifu Luka yatupa mfano wa Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru katika Yeriko. Yesu aliingia nyumbani kwake kabla Zakayo hajarudisha hata senti moja. Huruma ilitangulia. Lakini huruma ilipokwisha kuingia, Zakayo hakuendelea kukaa na kula. Alisimama, akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na malipo mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Wala hakuhamia mji mwingine. Aliahidi hayo Yeriko, mbele ya watu walewale waliokuwa wakinung'unika juu yake. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati yake na kauboi: Zakayo alipata moyo mpya katika kijiji kilekile.

Kwa kuwa jambo hili huwasumbua wengi, na yawekwe maswali machache na majibu yake.

Swali: Mtu akiwa hana uwezo wa kurudisha vyote kwa mara moja, afanye nini?
Jibu: Arudishe kidogo kidogo, kwa kadiri ya nguvu zake, naye adumu katika nia hiyo. Mvuvi aweza kumpelekea mjane sehemu ya ndagala kila anapotoka ziwani, mpaka thamani ya nyavu na taa itimie. Mungu hamdai mtu asichoweza, amdai anachoweza.

Swali: Mwenye mali akiwa amekufa?
Jibu: Mali ni ya warithi wake. Ikiwa hakuna hata mmoja anayejulikana, apewe maskini.

Swali: Je, ni lazima mtu ajitangaze mbele ya kijiji kizima kwamba yeye ni mwivi?
Jibu: Si lazima. Aweza kurudisha kwa siri, au kwa mkono wa mtu mwaminifu asiyefunua siri. Haki yataka mali irudi. Haitaki watoto wa mtu waaibishwe njiani. Lakini mtu mwingine akiteswa au akishitakiwa kwa kosa hilo, aliyelitenda hana ruhusa ya kunyamaza.

Swali: Je, aliyenunua kitu kwa bei ndogo, akijua kuwa kimeibwa, naye ana deni?
Jibu: Anayo. Aliyepokea kwa kujua ameshiriki wizi.

Yaweza kuonekana kwamba mashauri haya ni madogo, tena hayana uzuri wa sinema. Hakuna farasi hapa, wala mapambano wakati wa mapambazuko. Kuna mtu mmoja tu, mwenye kapu la ndagala, asimamaye mbele ya mlango wa mjane naye hajui aanze na neno gani. Lakini ushujaa wa kusimama pale si mdogo. Wako watu wasioogopa dhoruba ya ziwa, nao waogopa mlango ule.

MUSA MWETHIOPIA

Kanisa lina mnyang'anyi wake aliyetubu, naye ni mtoto wa Afrika. Ni Mtakatifu Musa Mwethiopia, aitwaye pia Musa Mweusi, aliyeishi Misri katika karne ya nne. Alikuwa mtumishi wa mkubwa fulani, akafukuzwa kwa sababu ya wizi, akawa kiongozi wa wanyang'anyi. Alikuwa mtu wa nguvu za ajabu. Husimuliwa kwamba siku moja mbwa wa mchungaji alimzuia asiibe. Musa alikasirika, akavuka mto Nili kwa kuogelea, upanga mdomoni, ili amuue yule mchungaji. Mchungaji alijificha. Basi Musa akachinja kondoo wanne wazuri, akawafunga kwa kamba, akarudi nao ng'ambo.

Mtu huyo ndiye aliyefika kwa wamonaki wa jangwa la Sketi na kuomba kupokewa. Toba yake haikumalizika siku moja. Alijaribiwa miaka mingi, akafunga, akakesha, akawachotea maji usiku wazee wasio na nguvu. Husimuliwa pia kwamba wevi wanne waliingia katika chumba chake bila kujua ni cha nani. Musa aliwashinda, akawafunga wote, akawabeba mgongoni mpaka kanisani, akawauliza ndugu zake awafanyie nini, maana yeye hana ruhusa tena ya kumdhuru mtu. Hao wanne walipotambua kwamba huyu ndiye yule Musa, nao wakaacha wizi.

Mara nyingine wamonaki walikutana ili kumhukumu ndugu mmoja aliyekosa. Musa alikuja na chombo chenye kutoboka, maji yakivuja nyuma yake njiani. Alipoulizwa maana yake, alieleza kwamba dhambi zake mwenyewe zamwagika nyuma yake naye hazioni, kisha yeye anakuja kuhukumu kosa la mwingine. Wamonaki wakamsamehe yule ndugu.

Mwisho wa maisha yake wafanana na mwisho wa filamu ya kauboi, halafu wageuka. Wanyang'anyi walikuja kuishambulia nyumba ya wamonaki. Musa alikuwa mzee, lakini katika ujana wake alizijua silaha kuliko wote. Hapo ndipo kauboi angeifunua bastola yake. Musa aliwaambia wenzake wakimbie. Yeye hakukimbia wala hakushika kitu. Alikumbuka neno la Bwana juu ya hatima ya wote waushikao upanga, akasema kwamba alikuwa akiingojea siku ile. Akauawa. Kanisa halimwamuru kila Mkristo afanye vile. Lakini lamwadhimisha tarehe 28 Agosti, ili ijulikane kwamba mkono wa mnyang'anyi waweza kubadilika kweli, hata usitafute tena upanga.

KISICHOWEZA KURUDISHWA

Nyavu yaweza kurudi. Je, uhai?

Swali hili si geni katika nchi ya Tanganyika. Zamani pwani hizi zilipitiwa na watu wa bunduki waliokamata watumwa. Mwezi wa Juni 1964 waasi waliuteka mji wa Albertville, ambao leo ni Kalemie, na jeshi likaurudisha mwishoni mwa Agosti. Tangu mwaka 2013 Watwa na Waluba wa jimbo hili walichomeana vijiji na kuuana, na watu wengi mno walikimbilia kambi karibu na mji. Hivyo yaweza kutokea kwamba katika benchi moja la mafundisho akae aliyechoma nyumba pamoja na aliyechomewa. Huyu ataka ubatizo. Yule naye pia. Hapo mafundisho juu ya toba si maneno ya buku tena.

Aliyeua hawezi kulipa uhai. Lakini kutoweza kulipa vyote si ruhusa ya kutolipa chochote. Aliyechoma nyumba aweza kukata miti na nyasi, akasaidia kuijenga. Aliyemwacha mtoto bila baba aweza kuisaidia shule ya mtoto yule, kwa mkono wa mwingine ikiwa uso wake mwenyewe waleta uchungu. Na sheria ya nchi ikimwita, ubatizo si mahali pa kujificha: aliyesamehewa na Mungu aweza kusimama mbele ya hakimu na kusema kweli, kama yule wa msalabani alivyosema.

Katika Italia, mwaka 1902, kijana aitwaye Alessandro Serenelli alimuua msichana Maria Goretti. Alifungwa miaka 27. Alipotoka alimwendea mama wa marehemu, akaomba msamaha. Mama akampa, na siku ya Noeli ya mwaka 1934 wakapokea Komunyo Takatifu pamoja. Serenelli hakufanya jambo lolote kubwa baada ya hapo. Alifanya kazi ya bustani kwa watawa, akafa mwaka 1970. Hakujipatia sifa kwa dhambi yake, wala hakuificha.

MLANGO WA JIRANI

Limebaki neno moja, nalo ni la wale wasioiba wala kuua. Ikiwa mwenye kutubu apaswa kurudi katika kijiji kilekile, basi kijiji nacho chapaswa kuwa na mlango. Mara nyingi watu husifu toba kanisani, kisha huicheka njiani. Mvuvi akileta kapu la ndagala, wengine watasema kwamba amerogwa, au kwamba sasa aiba zaidi ndiyo maana aweza kutoa. Maneno kama hayo huwarudisha watu wengi katika uovu. Na aliyeyasema ana deni lake, ingawa hakugusa nyavu ya mtu.

Kusamehe si kusema kwamba hakuna kosa lililotendeka. Wala si lazima mjane amkabidhi mvuvi ufunguo wa nyumba yake siku ileile. Kusamehe ni kuacha kumtakia mabaya, na kumpa nafasi ya kuonyesha kwa siku nyingi kwamba mkono wake umebadilika. Kongo yenyewe ina mwalimu wa jambo hili. Tarehe 1 Desemba 1964, huko Isiro, Sista Anuarite Nengapeta aliuawa na kanali wa waasi kwa sababu alikataa kuvunja ahadi yake kwa Mungu; naye kabla ya kufa alimsamehe mwuaji wake. Papa Yohane Paulo II alipomtangaza mwenye heri mjini Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985, alitoa yeye naye msamaha kwa mwuaji huyo, kwa jina la Kanisa lote. Anuarite hakungoja kwanza mwuaji alipe. Msamaha wake haukufuta deni la yule mtu. Ulimfungulia njia ya kulilipa bila kukata tamaa.

Kauboi wa sinema ahitaji mji mpya kwa sababu katika mji wa zamani hakuna amsubiriye ila kamba ya kunyongea. Kijiji cha Kikristo kisifanane na mji ule. Na siku jina jipya litakapotamkwa juu ya maji, mjane naye awe pale kanisani, alisikie, akijua kwamba mtu mwenye jina hilo atamjia tena na kapu lake siku atakaporudi kutoka ziwani.

MASWALI YA KUFIKIRIA KABLA YA SOMO LIJALO

1. Mtu amebatizwa, kisha akumbuka kwamba ana mbuzi wa jirani aliyemwiba kabla ya ubatizo. Je, ana dhambi ile bado? Je, ana deni?
2. Kwa nini kuwaua wanyang'anyi wengine hakumfanyi mnyang'anyi kuwa mtu mwema?
3. Zakayo alibadilika kabla Yesu hajaingia nyumbani kwake, ama baadaye? Hilo latufundisha nini juu ya huruma ya Mungu?
4. Je, yuko mtu kijijini ambaye kila kinachopotea hutafutwa kwanza kwake? Mkatekumeni aweza kumtendea nini juma hili?